Kuatamisha Kuku wa Kienyeji: Msome Tetea Mwilini Kabla Hujampa Mayai

Malalamiko yanayonifikia ni yale yale. "Kaatamia siku tano, kaacha." "Nimeweka mayai kumi na tano, wametoka vifaranga wanne." "Alitoka kunywa maji, hakurudi." Nikiuliza mayai yaliwekwa lini, naambiwa: siku ile ile nilipomkuta amekaa kiotani.

Hapo ndipo wengi mnapoharibu. Kuku kukaa kiotani si kuatamia. Kuatamia ni mwili mzima kugeuka, kuanzia homoni hadi manyoya ya tumboni, na mgeuko huo huchukua siku kadhaa. Ukimpa mayai kabla haujakamilika, atayaacha. Ukiuvuruga katikati, atayaacha pia. Ndiyo maana katika kila hatua hapa chini nimeeleza mwilini mwake kuna nini, maana ukijua hilo hutahitaji kukariri masharti.

Mwongozo huu ni wa kuku wa kienyeji wa kawaida, pamoja na kuchi na kishingo (yule asiye na manyoya shingoni). Kama una kuku wa kisasa wa mayai, usijichoshe. Hao wamechaguliwa vizazi na vizazi ili wasiatamie, na kuroiler, yule chotara, naye ni nadra kukaa mpaka mwisho. Mayai yao mpe tetea wa kienyeji.

## Vitu vya kuandaa

Vyote viwepo kabla kuku hajaanza kulala kiotani. Kukimbilia dukani wakati tetea ameshakaa ndiko kunakoleta haraka.

- Kiota: kikapu, tenga dogo, boksi gumu au sanduku la mbao, upana wa sentimita 35 hadi 40
- Mchanga au udongo mkavu wa kutandika chini, na nyasi kavu laini za juu
- Majivu makavu yaliyochekechwa
- Dawa ya unga ya utitiri na viroboto inayoruhusiwa kwa kuku (ya pareto inafaa)
- Mayai 2 au 3 ya kuzugia: ya kuchemsha, ya plastiki, au mawe laini yenye umbo la yai
- Penseli, si kalamu ya wino
- Tochi ya simu na kipande cha boksi kilichotobolewa tundu dogo kuliko yai
- Chombo cha maji kisichopinduka
- Mahindi yaliyoparazwa, mtama au uwele
- Tenga kubwa la kumfunika mama na vifaranga
- Daftari

Daftari nalitilia mkazo. Nusu ya matatizo ninayoulizwa yangejibiwa na tarehe moja tu iliyoandikwa.

## Hatua ya 1: Hakikisha tetea ameiva

Kuku anapotaga, mwili wake huendeshwa na homoni za uzazi, estrojeni na projesteroni, zinazotoka kwenye ovari. Ovari nayo husukumwa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, pituitari. Mtago ukikaribia kwisha, tezi hiyo hiyo huanza kumwaga kwa wingi homoni nyingine iitwayo prolaktini. Prolaktini ikipanda, zile za uzazi hushuka. Ovari, ambayo juzi tu ilikuwa imejaa viini vya njano kama kishada, hunywea, na utagaji husimama.

Kati ya kutaga na kuatamia kuna siku za mashaka. Asubuhi anataga, mchana anakaa kiotani, jioni anapanda kulala na wenzake. Nusu huku, nusu kule. Huyu ndiye anayewaponza.

Mwenyewe amenigharimu. Nilikuwa na kishingo mwekundu, nikamwona amekaa kiotani siku ya pili, nikampa mayai 12 kwa furaha. Siku ya tano nikamkuta kwenye mihogo anachakura kama vile hajawahi kuona yai. Nilipoyapasua, mengi yalikuwa na nyuzi za damu zimeanza kusambaa. Viinitete hivyo vilikufa kwa sababu ya pupa yangu.

Sasa napima hivi:

Usiku. Mchungulie baada ya giza. Aliyeiva hulala kiotani usiku 2 au 3 mfululizo badala ya kupanda kwenye fito.

Mkono. Pitisha mkono polepole chini ya kifua chake. Aliyeiva hujivimbisha manyoya, huunguruma na kudonoa, ila haondoki. Akiruka na kupiga kelele, bado.

Tumbo. Hii ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote. Mwinue kidogo, umtazame tumboni. Utakuta sehemu imepungua manyoya, ngozi yake nyekundu, laini, yenye joto unalolisikia mara tu ukigusa. Manyoya yamepukutika kwa kazi ya homoni, na mishipa ya damu imetanuka chini ya ngozi ili joto la mwili lifike kwenye yai moja kwa moja. Mara nyingi utakuta manyoya madogo ya tumboni yamesambaa kiotani.

Upanga wa kichwani. Ule wekundu mkali wa kuku anayetaga hufifia, na upanga wenyewe husinyaa. Ni homoni za uzazi zimeshuka.

Nyonga. Gusa mifupa miwili iliyochongoka kando ya tundu la kutagia. Kwa kuku anayetaga, vidole 2 au 3 hupita katikati. Kwa anayeatamia, mifupa husogeleana.

Kinyesi. Badala ya kuachia kidogo kidogo, hubana na kutoa bonge moja kubwa lenye harufu kali anapotoka kiotani. Wengi hudhani ni ugonjwa, kumbe ni namna yake ya kukilinda kiota kisichafuke.

*Onyo:* upanga uliofifia peke yake si ushahidi. Minyoo, utitiri na maradhi huufifisha vilevile. Kuku aliyejikunyata, macho yamefumba, anaharisha kijani, mtenge na wenzake umtibu. Usimpe mayai.

*Ukifaulu:* mwekee mayai ya kuzugia. Akiyalalia usiku 2 kamili na mchana akatoka mara moja tu, ameiva.

## Hatua ya 2: Chagua mayai, na uyahifadhi kwa akili

Yai huwa na uhai kabla halijalaliwa. Kiinitete kimelala tu. Joto likizidi nyuzi 20 na ushee kinaanza kuamka kidogo kidogo, lakini hakina joto la kutosha kukua vizuri, kwa hiyo kinadhoofika. Sisi tunaoishi ukanda wa pwani, Tanga na Muheza kwa mfano, mwezi wa pili chumbani ni nyuzi 30. Yai la siku 10 huku si sawa na yai la siku 10 la Njombe kwenye baridi.

Kwa sehemu za joto, chukua mayai yasiyozidi siku 5 hadi 7. Sehemu za baridi, mpaka siku 10. Njia yangu ni chungu cha udongo kilichowekwa juu ya mchanga unaomwagiwa maji kila siku. Maji yanapokauka huondoka na joto la chungu. Ncha nyembamba ya yai iangalie chini. Yakikaa zaidi ya siku 4, yageuze mara moja kwa siku ili kiini kisigande upande mmoja.

Friji la nyumbani ni baridi mno, na yai lililokaa humo siku kadhaa lina nafasi ndogo ya kuangua. Likaange.

Usioshe mayai. Ganda lina vijitundu vingi, na juu yake kuna utando mwembamba unaozuia vijidudu kuingia. Ukiosha, unauondoa. Lenye uchafu kidogo lifute kwa kitambaa kikavu, na lililochafuka sana pelekeni jikoni. Acha pia makubwa kupita kiasi, yaliyo madogo sana, yenye ufa, na yale marefu yasiyo na umbo.

Halafu kuna jogoo. Jogoo 1 atosheleze tetea 8 hadi 10. Mbegu zake hubaki hai ndani ya tetea kwa takriban wiki 2, hivyo jogoo akiuzwa leo mayai ya wiki hii bado yanafaa, ya mwezi ujao hayafai. Nimeshaulizwa na mtu ambaye mayai yake yote yalikuwa viza, na baada ya maswali mengi ikaja kujulikana kuwa jogoo aliliwa Krismasi, na tulikuwa tunakaribia Pasaka.

Idadi? Kuku mdogo mayai 8 hadi 10, mkubwa 12 au 13. Kipimo ni kwamba akikaa, usione yai hata moja limechungulia. Likichungulia, usijidanganye kuwa ni hilo moja tu litakaloharibika. Kuku huyazungusha, la nje linaingia ndani na la ndani linatoka, kwa hiyo kila yai linapata zamu yake ya baridi. Ndiyo sababu ukiweka 18 huambulii hata 10.

## Hatua ya 3: Kiota na utitiri

Kiwekwe penye giza kidogo, pakavu, mbali na njia ya watu na kuku wengine, na pasipofikika na panya, kicheche wala nyoka.

Chini tandika mchanga au udongo mkavu, ukiuchimba katikati uwe kama bakuli la kina kifupi. Bakuli hilo hukusanya mayai pamoja. Kiota kilicho bapa huyaacha yatambae pembeni. Juu weka nyasi kavu. Majani mabichi yana unyevu na huota ukungu.

Kisha nyunyiza majivu na dawa ya unga chini ya nyasi na pembeni, siku 2 kabla ya kuweka mayai. Mnyunyizie na tetea mwenyewe chini ya mabawa na karibu na tundu la kutagia. Ngozi ya tumboni, inakogusana na mayai, iache.

Utitiri hujificha kwenye nyufa mchana na kunyonya damu usiku. Tetea mwenye prolaktini nyingi huvumilia njaa, huvumilia mvua, lakini wadudu elfu wakimnyonya kila usiku atashindwa. Hapo ndipo unaposikia "aliacha tu, sijui kwa nini". Pitisha kitambaa cheupe kwenye nyufa za kiota usiku. Kikitoka na madoa mekundu, umeshampata mchawi wako.

Bibi yangu alikuwa hatandiki kiota bila kipande cha mkaa na pilipili kichaa mbili, za kuzuia radi isiharibu mayai. Sijaacha kuweka mkaa. Haumdhuru mtu.

## Hatua ya 4: Weka mayai usiku

Subiri giza liingie vizuri, kama saa 2 usiku. Gizani kuku haoni vizuri, na hutulia bila kubishana.

1. Andika tarehe kwenye kila yai kwa penseli, na alama ya msalaba. Wino hupenya ganda.
2. Kama unamhamisha kwenda kiota kipya, mbebe kwa mikono miwili ukibana mabawa, umweke juu ya mayai ya kuzugia kwanza. Mwache hapo mpaka usiku wa kesho.
3. Akiwa ametulia, ondoa ya kuzugia, ingiza ya kweli chini yake moja moja kutoka pembeni.
4. Weka yote usiku mmoja.

Hilo la mwisho ni la lazima. Ukiongeza yai leo, jingine kesho kutwa, wa kwanza wataangua, mama ataondoka nao, na wa nyuma watafia ndani ya ganda. Alama ya msalaba ndiyo itakayokuonyesha tetea mwingine akija kutagia humo: yai lisilo na alama toa siku hiyo hiyo.

*Ukifaulu:* asubuhi utamkuta amejilaza bapa, mabawa yametandazwa kidogo, macho ya kuduwaa. Usiku huo unaofuata ndio mwisho wa siku ya kwanza. Hesabu mpaka 21.

## Hatua ya 5: Siku 21 za mama asiyekula

Watu huogopa wakiona kuku amekonda. Wengine humtoa kila saa wakimlazimisha kula. Muache.

Anapoatamia, hamu ya kula hushuka yenyewe. Si kwamba ana njaa anajikaza. Hata ukimwekea chakula mdomoni kabisa, anakula kidogo tu. Mwili umepangwa uishi kwa mafuta uliyojiwekea wakati wa kutaga, na kupoteza sehemu ya 10 hadi 20 ya kila 100 za uzito ni jambo la kawaida. Tetea wa kilo 1 na nusu anaweza kumaliza akiwa na pungufu ya gramu 150 hadi 300. Kutokana na hilo, usimwatamishe kuku aliyekonda tangu mwanzo. Papasa kidari: mfupa ukiwa mkali kama kisu, mnyime mayai, mlishe.

Kwa kawaida hutoka mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 30. Anakunywa, anakula, anajisaidia, anaoga vumbi, anarudi. Mayai hayadhuriki kwa muda huo. Wewe kazi yako ni hii:

Maji na nafaka viwe jirani, hatua 3 au 4 kutoka kiotani, si ndani yake. Akilazimika kwenda kugombania chakula na wenzake kule uwanjani, atachelewa, au wenzake watakuja kutaga mahali pake. Mpe nafaka kavu. Pumba laini na chakula cha wanaotaga humlegeza tumbo, na kuhara kiotani ni maafa.

Kama hatoki kabisa, na wapo wa namna hiyo, mtoe mwenyewe kila siku au siku mbili. Ingiza viganja chini ya mabawa, na kabla ya kuinua, papasa kwanza. Mara nyingi yai huwa limebanwa kati ya bawa na mbavu au limenasa juu ya mguu. Ukimnyanyua ghafla, yai linadondoka juu ya mengine na kupasua mawili. Literemshe kwa kidole, ndipo umwinue.

Yai likipasuka, toa mengine, badilisha nyasi zilizolowa, futa yaliyopakaa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kilichokamuliwa, rudisha upesi. Hapa kufuta ni afadhali kuliko kuacha ute uoze juu ya ganda.

Usiyageuze. Hufanya mwenyewe kwa mdomo, mara nyingi usiku na mchana. Bila hivyo kiinitete hugandamana na utando wa ganda.

Kitu kimoja wengi hawakijui: kinachoidumisha prolaktini juu ni mguso wenyewe wa mayai kwenye ile ngozi tupu ya tumboni. Mguso unapeleka habari kwenye ubongo, ubongo unaiamuru pituitari iendelee kumwaga. Ondoa mayai siku 2 au 3 na homoni hushuka. Ukimfungia nje bahati mbaya asubuhi na kumrudisha jioni, mara nyingi bado utamwahi. Ukimfungia siku 3, umempoteza.

Kwa upande wa pili, kuku hahesabu siku. Akiachiwa mayai yasiyo na mbegu atakaa mwezi na zaidi, akikonda bure. Udhaifu huu unaweza kuugeuza faida: kama una tetea 4 wanaokaribia kuiva, aliyetangulia mpe mayai ya kuzugia siku 5 hadi 7 akiwasubiri wenzake, halafu wote uwape mayai ya kweli usiku mmoja. Vifaranga watatoka pamoja, chanjo ni siku moja, na walezi utawapunguza kwa kumpachikia tetea mmoja vifaranga wa mwenzake (Hatua ya 8). Usimsubirishe zaidi ya siku 10, maana anateketeza akiba atakayoihitaji.

## Hatua ya 6: Mulika siku ya 7 na ya 14

Usiku, tochi ya simu chini, kipande cha boksi juu yake, yai kwenye tundu, upande mpana ukielekea mwanga.

Siku ya 7, yai lenye uhai lina doa jeusi linalocheza, na nyuzi za damu zimetawanyika kama miguu ya buibui. Lililo jeupe kote, kiini kinaelea tu, halikuwa na mbegu. Lenye duara la damu kama pete, bila nyuzi, kiinitete kimekufa. Toa yote mawili.

Siku ya 14, yai lenye uhai ni jeusi lote isipokuwa chumba cha hewa upande mpana, na mpaka kati yao umekatika vizuri. Lenye giza linalotikisika kama uji ni viza. Litoe kwa adabu. Likipasukia kiotani, harufu itawafukuza wote wawili, wewe na kuku.

Mayai 10 yasizidi dakika 10 nje. Na kama siku ya 7 zaidi ya nusu hayakuwa na mbegu, kosa si la tetea. Tazama jogoo, au umri wa mayai.

## Hatua ya 7: Siku ya 18 hadi 21, mikono mfukoni

Kuanzia siku ya 18 usimulike, usigeuze, usihesabu. Kifaranga amejipanga, kichwa kikielekea chumba cha hewa. Kati ya siku ya 19 na 20 hutoboa utando na kuvuta pumzi ya kwanza humo ndani. Ukisogeza sikio utasikia mlio mdogo, na mama akijibu kwa sauti nzito ya chini ambayo hukuwahi kuisikia akiatamia. Wameshaanza kujuana.

Kutoka tundu la kwanza kwenye ganda mpaka kutoka kabisa kunaweza kuchukua saa 12 hadi 24. Hapo ndipo watu wa huruma huua. Kifaranga anaonekana amekwama, wanamenya ganda, damu inatoka, anakufa. Hakukwama. Alikuwa akimalizia kuvuta damu kutoka kwenye utando na kiini cha njano kuingia tumboni. Kiini hicho ndicho chakula chake cha siku 2 mpaka 3 za kwanza, kwa hiyo wala usihangaike kumlisha saa ile ile.

Toa maganda matupu yanayoweza kufunika yai ambalo halijaangua. Basi. Mayai yaliyobaki yape mpaka siku ya 23, kisha yazike.

*Ukifaulu:* kwa mayai mazuri na tetea aliyeiva, 8 kati ya 10 yaliyokuwa na mbegu ni matokeo ya kawaida.

## Hatua ya 8: Mama, vifaranga na walezi

Vifaranga wakitoka, prolaktini huteremka. Kinachomfanya aendelee kuwafunika sasa ni sauti zao, kuwaona na kuguswa nao. Kwa hiyo ukitaka kumpachikia vifaranga wa tetea mwingine, dirisha ni dogo: usiku, ndani ya siku 2 za mwanzo, umri uwe sawa. Waingize chini ya bawa mmoja mmoja. Ukimletea mchana, wa siku 6, huenda akawadonoa mpaka kuua.

Waweke chini ya tenga pakavu wiki ya kwanza, mwewe asiwaone. Mama ataanza kula kama aliyetoka safarini, na hapo ndipo umpe chakula kizuri: dagaa, mashudu, majani mabichi.

Chanjo ya mdondo (Newcastle) usiisahau. Ile ya I-2, ya tone la jicho, hupewa kuku wa umri wote na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Tetea umchanje kabla hajaanza kutaga, si akiwa kiotani. Kinga yake hupita kwenye kiini cha yai na kumlinda kifaranga siku za mwanzo.

## Hatua ya 9: Kumrudisha kwenye kutaga

Akiachiwa vifaranga mpaka awakatae mwenyewe, ni wiki 8 na zaidi. Ukiwatenga na kuwalea mwenyewe kwenye joto la taa au jiko la mkaa lililolindwa, wakiwa na wiki 2 hadi 4, ovari yake itaanza kujaa tena, na kwa kawaida atarudi kutaga wiki 3 hivi baadaye. Utaona upanga ukirudi wekundu, nyonga zikifunguka, manyoya ya tumbo yakiota.

Kuna wanaomnyang'anya vifaranga siku hiyo hiyo na kumpa mayai mengine aatamie mkupuo wa pili. Inawezekana, kuku hatakataa. Mimi siifanyi. Aliyepoteza gramu 250 akiongezewa siku 21 nyingine hupata maradhi ya kwanza yanayopita mtaani.

## Usipotaka aatamie

Wengine mnaniuliza kinyume: tetea ameiva, lakini mnataka mayai ya kuuza. Wapo wanaomtumbukiza kwenye ndoo ya maji, wanaomchoma unyoya puani, wanaomfunga kamba mguuni juani. Acheni mateso.

Mweke kwenye kizimba cha waya au fito zilizoachana, kimeinuliwa kutoka chini ili upepo upite tumboni, bila nyasi, bila kiota, pakiwa na mwanga. Maji na chakula viwepo muda wote. Ngozi ya tumbo inapoa, hakuna yai linaloigusa, prolaktini inashuka. Ukimuwahi siku ya kwanza au ya pili ya kulala kiotani, siku 3 hadi 4 zinatosha. Ukichelewa wiki, huenda ikawa 6 au 7.

Jaribu kumfungulia asubuhi. Akikimbilia kiotani moja kwa moja, mrudishe kizimbani siku nyingine 2. Akienda kuchakura, na jioni akapanda fito mwenyewe, ameshaacha kuatamia.